Taa ya Hendibreki au Taa ya Onyo? Historia ya Jina na Hatari Yake

Vyombo vya kigeni vinapoingia katika nchi havingoji kamati ya istilahi ikae. Hutumiwa kwanza, huharibika, hutengenezwa, na majina yake hutoka kwa wale wanaovitumia na kuvitengeneza. Mara nyingi majina hayo huwa mazuri, kwa sababu yamezaliwa na haja. Lakini hutokea pia kwamba jina lililotolewa kwa haraka hubeba sehemu moja tu ya maana ya kitu na kuiacha nyingine nje; na ikiwa sehemu iliyoachwa ndiyo inayohusu uhai wa watu, basi kulirekebisha jina hilo si anasa ya wanalugha. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza mfano mmoja wa namna hiyo, yaani ile taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya dereva, yenye duara, alama ya mshangao katikati ya duara, na vitao viwili pembeni. Madereva na mafundi wengi huiita "taa ya hendibreki". Tutajaribu kuonyesha taa hiyo ilitoka wapi, kwa nini ilipewa jina hilo, na kwa nini jina hilo halitoshi.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno "gari" tumelipata kutoka Bara Hindi, nalo lilikuwa limekwisha kuzoeleka pwani kabla ya kuja kwa motokaa. Mjini Mombasa palikuwa na vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa mikono. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Ile ya Uganda ilianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Na lugha ikapata "gari la moshi". Gari la injini ya petroli lilipofuata, lilikuta jina linalingoja. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kuvuka bara zima, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909.

Katika kulipokea gari, Kiswahili kilitumia hazina yake ya baharini. Usukani wa gari ni usukani wa jahazi, na hata leo basi likiondoka kituoni watu husema limeng'oa nanga. Lakini kwa breki bahari haikuwa na msaada. Jahazi halina breki. Husimamishwa kwa kutua tanga na kutia nanga. Mkokoteni nao huwekewa jiwe au kigingi chini ya gurudumu. Kifaa kinachobana gurudumu lenyewe likiwa katika mwendo kilikuwa kigeni, kwa hiyo lugha ilichukua jina lake kutoka Kiingereza, ikalitia irabu mwishoni, na kuliingiza katika ngeli moja na taa, meza na kalamu. Jambo la kuzingatia ni kwamba ilichukua nomino peke yake. Vitenzi vilibaki vyetu: tunafunga breki, tunakanyaga breki, tunapiga breki, tunashika breki. Kifaa ni cha wageni, tendo ni la wenyewe. Tutaona hapa chini kwamba mahali ambapo lugha yetu imepotoka si katika kutaja tendo la kusimamisha gari, bali ni katika kutaja kasoro yake.

Sasa tugeukie historia ya kifaa. Gari ambalo Karl Benz alilipatia hataza mwaka 1886 lilikuwa na breki dhaifu. Mkewe, Bertha Benz, alipolisafirisha mwezi wa Agosti 1888 kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, inasimuliwa kwamba njiani alimwomba fundi viatu apigilie ngozi juu ya vipande vya breki vilivyokuwa vimelika kwenye miteremko. Mwaka 1902 Louis Renault alitoa breki za ngoma, ambazo vipande viwili vilivyopinda hutanuka ndani yake na kusugua ukuta wa ngoma. Mwaka huo huo Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za sahani, ingawa hizo hazikuenea katika magari ya watu mpaka miaka ya 1950.

Breki hizo za mwanzo ziliendeshwa kwa waya na vyuma. Dereva alikanyaga, chuma kikavuta chuma, na nguvu ya mguu ikafika kwenye gurudumu. Zilikuwa na udhaifu mwingi: waya ulilegea, vyuma vilipata kutu, na gurudumu moja liliweza kubanwa kuliko jingine. Lakini zilikuwa na sifa moja, nayo ni kwamba hazikuficha hali yake. Waya ukilegea, dereva aliusikia mguuni. Ukikatika, fundi aliuona ukining'inia chini ya gari. Kwa breki za namna hiyo hapakuwa na haja kubwa ya taa ya kuonya.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale waya ulipoachiwa kiowevu kifanye kazi yake. Kanuni yake ilikuwa imejulikana tangu karne ya 17, wakati wa Mfaransa Blaise Pascal: kiowevu kilichofungwa katika chombo kikisukumwa upande mmoja hupeleka msukumo huo pande zote kwa kadiri moja. Mmarekani Malcolm Loughead aliitumia kanuni hiyo kwa breki za gari na kupata hataza mwaka 1917, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ilitoa gari lenye breki za namna hiyo katika magurudumu yote manne. Ford ilizipokea katika magari yake ya mwaka 1939. Tangu hapo mguu wa dereva haukuvuta tena chuma, bali ulisukuma pistoni katika silinda kuu, na kiowevu kikapita katika mabomba membamba hadi magurudumuni.

Faida ilikuwa kubwa, na hatari ilikuwa moja: magurudumu yote manne yalitegemea njia moja ya kiowevu. Bomba moja likipasuka, breki zote zilikwisha. Ndipo katika miaka ya 1960 watengenezaji walipoanza kuigawa silinda kuu sehemu mbili, kila sehemu ikiwa na njia yake, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Ndugu msomaji atambue jambo lililofuata, kwani ndilo kiini cha historia yetu. Njia mbili ziliokoa maisha ya watu wengi, lakini zilileta uficho ambao haukuwapo. Njia moja ikifa, gari bado husimama, ingawa kwa shida zaidi na kwa umbali mrefu zaidi. Dereva asiye mwangalifu anaweza kuendelea kwa siku kadhaa akiwa na nusu ya breki zake bila kujua, mpaka siku atakapozihitaji zote kwa pamoja. Breki ilikuwa imejifunza kuficha ugonjwa wake. Hapakuwa na budi itafutiwe ulimi.

Ulimi huo ndio taa tunayoizungumzia. Kati ya njia mbili za kiowevu kiliwekwa kipistoni kidogo. Msukumo wa pande zote mbili ukiwa sawa, hukaa katikati. Upande mmoja ukipoteza nguvu, husukumwa upande huo, hugusa swichi, na taa huwaka. Nchini Marekani sheria ya usalama wa magari ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi wa Septemba 1966, na kanuni zilizotokana nayo zilianza kutumika tarehe 1 Januari 1968. Moja ya kanuni hizo ilitaka magari mapya ya abiria yawe na njia mbili za breki na taa nyekundu ya kumjulisha dereva kwamba moja imeshindwa. Baadaye magari mengi yaliwekewa njia nyingine iliyo rahisi zaidi: boya dogo ndani ya kikopo cha kiowevu, ambalo hushuka pamoja na kiowevu na kuiwasha taa kinapopungua mno.

Hapa ndipo tatizo la jina lilipozaliwa. Watengenezaji wengi, kwa kutaka kupunguza gharama na nafasi, waliitumia taa hiyo hiyo kumkumbusha dereva kwamba hajaachia breki ya mkono. Kwa hiyo taa moja ilipewa kusema habari mbili zisizolingana hata kidogo kwa uzito: ya kwanza kwamba mkono umesahau, ya pili kwamba breki zinakufa. Dereva huiona habari ya kwanza kila siku, asubuhi na jioni, kila anapoegesha na kuondoka. Habari ya pili anaweza kukaa miaka kumi asiione. Ni desturi ya lugha kukiita kitu kwa kile kinachoonekana mara nyingi zaidi. Hivyo taa ikawa "taa ya hendibreki".

Maandishi ya taa yenyewe hayakusaidia kulisahihisha jina hilo. Magari yaliyofika Afrika ya Mashariki yalitoka Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, na baadaye kwa wingi kabisa Japani, nayo yalikuja na alama badala ya maneno. Vile vitao viwili vinawakilisha vipande vya breki ya ngoma, yaani ile ile breki ya Renault ya mwaka 1902, na alama ya mshangao inamwita dereva atazame. Baadhi ya magari huweka herufi ya Kilatini P kwa ajili ya breki ya kuegeshea. Lakini alama nayo ni maandishi, na maandishi yasiyosomeshwa hayasomeki. Asiyefundishwa kwamba vitao ni vipande vya breki huona mchoro tu. Wajapani nao, tukumbuke, waliazima neno lile lile la Kiingereza na kulitamka kwa namna yao, "bureki". Basi gari lililosafiri kutoka Yokohama hadi Dar es Salaam lingeweza kusema na dereva wetu kwa neno analolijua, lau lingetumia neno.

Matokeo ya jina hilo si ya kitabuni. Dereva aliyefundishwa kwamba hii ni taa ya hendibreki, akiiona imewaka njiani, hufanya kile jina linachomwagiza: huishusha hendibreki. Akiiona bado inawaka, huhitimisha kwamba swichi ya hendibreki ni mbovu, naye huendelea na safari. Hajafanya upuuzi, ametii jina. Kosa ni la jina lililomfunga macho asione maana ya pili. Aidha, jina lenyewe limeanza kupitwa na wakati. Katika magari mengi ya siku hizi breki hiyo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na katika mengine ni kitufe cha umeme, wala hakuna mkono wowote wa kuvutwa.

Kwa kuwa istilahi haina faida pasipo maarifa, hatuna budi kueleza taa hiyo husema nini na dereva aijibuje. Ufunguo unapowashwa, taa hutakiwa kuwaka kwa kitambo kidogo, kisha izime baada ya injini kushika na breki ya kuegeshea kuachiwa. Huko ni kujipima kwake. Ikiwa haiwaki kabisa wakati huo, si dalili ya heri. Huenda imeungua, na taa iliyoungua haimwonyi mtu. Ikiwa inapepesa kwenye kona au kwenye mteremko na kuzima gari likikaa sawa, mara nyingi kiowevu kimepungua na sasa kinayumba ndani ya kikopo. Upungufu huo huweza kutokana na kulika kwa brekipedi, kwani kadiri zinavyokuwa nyembamba ndivyo pistoni za magurudumuni zinavyosogea mbele na kuvuta kiowevu kingi zaidi. Au huweza kutokana na mvujo. Kwa hiyo kukiongeza kiowevu na kuondoka, bila ya kutafuta kilikokwenda, ni kuizima taa bila ya kuutibu ugonjwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikiwa taa imewaka gari likiwa katika mwendo, na breki ya kuegeshea imekwisha kuachiwa, dereva apunguze mwendo na aijaribu padeli kwa uangalifu. Ikiwa padeli ni ngumu na imesimama mahali pake, atafute mahali salama pa kuegesha, afungue boneti, atazame kikopo cha kiowevu na magurudumu kama yana unyevu, kisha amwite fundi. Ikiwa padeli ni laini kama sifongo, au inazama hadi chini, gari hilo halifai kuendeshwa hata kilomita moja. Aikanyage padeli mara kwa mara kwa haraka, maana pengine msukumo uliobaki utapatikana. Ashushe gia moja baada ya moja ili injini ilizuie gari. Naye aivute breki ya kuegeshea polepole bila ya kuibana kwa ghafla, kwani katika magari mengi hiyo huendeshwa kwa waya wake peke yake na haitegemei kiowevu. Taa ya manjano ya kifaa kizuiacho magurudumu kukwama, ambacho Bosch na Mercedes-Benz walikitoa mwaka 1978, ni habari nyingine. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida huwa zingali zinafanya kazi. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, jambo ni zito.

Na kuna habari ambayo taa haiisemi. Breki zilizopata moto mno kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga huko Iringa au Sekenke huko Singida, hupoteza nguvu ilhali kiowevu kimejaa na taa imezima. Malori makubwa na mabasi nayo hutumia breki za upepo, na taa yao ya hatari husema kwamba upepo umepungua katika mitungi, wala si kiowevu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila mvua hutanguliwa na wingu hilo hilo.

Jina jingine linalodai kutazamwa upya ni "mafuta ya breki". Kiowevu kinachotumika katika magari mengi si mafuta. Kimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, nacho huvuta unyevu kutoka hewani. Kiowevu cha daraja la DOT 3 kikiwa kipya hutakiwa kisichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; kikisha kuvuta maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Kikichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kiowevu, hubonyea. Ndipo padeli inapozama. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Lakini mtu akiambiwa kwamba kilichopungua ni "mafuta", naye ana kopo la mafuta ya injini nyuma ya kiti, atakosea akiyamimina? Jina limemruhusu. Mafuta hayo huvimbisha na kuharibu mipira yote ya breki. Kama tungechagua "maji ya breki", tungemruhusu atie maji. Neno "kiowevu" halimruhusu kutia chochote isipokuwa kile kilichoandikwa kwenye kopo lake, na huo ndio ubora wake. Ugeni wake, ambao wengine wataulalamikia, hapa ni kinga.

Hatimaye lipo lile tamko la kila siku: "breki zilikatika". Neno hili lingeziafiki breki za waya, ambazo kweli hukatika. Breki za kiowevu huvuja, hulika, hupata hewa au huchemka, na mengi ya hayo huchukua siku au majuma kabla ya kufikia mwisho wake. Kusema "zilikatika ghafla" ni kulifanya tukio lionekane kama radi iliyoshuka kutoka mbinguni, pasipo aliyeonywa wala aliyepuuza. Waandishi wa habari wangeitendea haki jamii kama wangeuliza zilishindwa kwa sababu gani, na kama taa ilikuwa imewaka tangu lini.

Basi tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe. Taa nyekundu iliyo mbele ya dereva iitwe "taa ya onyo la breki". Neno "onyo" linatokana na kitenzi "onya", nacho kwa asili ni kumfanya mtu aone. Hakuna neno linaloifaa zaidi taa ambayo kazi yake ni kufichua kilichofichika. Jina "taa za breki" libakie kwa zile za nyuma ya gari, ambazo humwonya mwingine wala si dereva mwenyewe. "Breki ya kuegeshea" itumike badala ya hendibreki katika vitabu na mafunzo, na "kiowevu cha breki" badala ya mafuta. Kwa breki zilizoharibika tuseme zimevuja, zimelika au zimeshindwa, kila neno mahali pake.

Hatudhani kwamba mafundi wataacha lugha yao kwa sababu ya makala, wala hatutaki waiache. Brekishuu na brekipedi ni maneno yao, yamefanya kazi, nayo yabaki. Tunaloomba ni dogo zaidi. Mwalimu wa udereva anapomwonyesha mwanafunzi wake ile taa kwa mara ya kwanza, asiseme "hii ni ya hendibreki" akapita. Amwambie kwamba ni taa ya onyo la breki, kwamba huwaka kwa mambo mawili, la kusahau na la hatari, na kwamba akiisha kuliondoa la kwanza ikabaki kuwaka, analo la pili. Maneno hayo hayachukui dakika moja, na mwanafunzi atayakumbuka atakapokuwa peke yake juu ya mteremko.